Confuse, baffle au bewilder? Ulinganisho wa vitenzi sita vya Kiingereza vinavyoeleza kutatizika kwa mtu

Mtu anayeandika au kutafsiri kwa Kiingereza hufika mara nyingi mahali ambapo mhusika wake hakuelewa kilichotokea, na hapo vitenzi humjia kwa wingi kuliko anavyohitaji: confuse, puzzle, perplex, baffle, bewilder, bamboozle. Akifungua kamusi anakuta kimoja kimefafanuliwa kwa kingine, hicho cha pili kwa cha tatu, na cha tatu kinamrudisha alikoanzia. Kamusi hazijakosea, kwa kuwa vitenzi hivi vinashiriki eneo kubwa la maana, na tofauti zake zimekaa pembezoni, mahali ambapo fasili ya mstari mmoja haifiki. Hata hivyo msomaji aliyezoea Kiingereza huzihisi tofauti hizo papo hapo, kwa sababu kila kitenzi kinamdokezea tatizo limetoka wapi: kwenye maelezo mabovu, kwenye jambo lenye siri, kwenye ulimwengu uliomzidi mtu, au kwa mjanja aliyekusudia kumpoteza mwenzake.

Wanafunzi wengi huvipanga vitenzi hivi kwa ngazi ya ukali, kuanzia kutatizika kidogo hadi kutatizika kabisa. Mpangilio huo una ukweli ndani yake, lakini humwacha mwandishi njiani, kwa kuwa mtu anaweza kuwa bewildered kwa upole na confused kwa kiasi cha kutisha. Naona ni salama zaidi kuanza na chanzo cha kutatizika, kisha ukali ujipange wenyewe.

## Vigezo vya kulinganishia

Vitenzi vyote sita vitapimwa kwa maswali yaleyale. La kwanza ni chanzo: ni nini hasa kilichomtatiza mtu? La pili ni nia: je, kitenzi kinadokeza kwamba kuna aliyekusudia? La tatu ni hali inayombakia aliyetatizika, yaani kama bado anafikiri, amekwama, au amepotea. La nne ni sarufi, maana vitenzi hivi havikubali viambatani vilevile, yaani maneno yanayoandamana navyo. La tano ni rejista, kwa maana ya mahali ambapo kitenzi kinasikika kuwa cha kawaida na mahali ambapo kinasikika kigeni.

Ili kulinganisha kwa haki, sentensi moja itapita katika vitenzi vyote: mwanamke amepokea barua, na barua hiyo imemtatiza. Kila kitenzi kitatulazimisha kuiwazia barua tofauti.

## Confuse

Kitenzi hiki kinatokana na Kilatini confundere, kilichomaanisha kumwaga vitu pamoja, na picha hiyo iko jirani sana na kuchanganya kwa Kiswahili. Chanzo chake ni vitu viwili au zaidi vilivyopaswa kukaa mbalimbali ambavyo sasa vimeingiliana. Tukisema "The letter confused her", msomaji anawazia barua iliyoandikwa vibaya: aya ya kwanza inasema malipo yamepokelewa, aya ya tatu inadai malipo yaleyale. Hakuna fumbo ndani yake. Barua ikipangwa upya, tatizo linaisha.

Kuhusu nia, confuse hakina upande. Mwandishi mzembe huwachanganya wasomaji bila kutaka, na shahidi mwongo huwachanganya wasikilizaji kwa makusudi, na kitenzi ni kilekile. Anayetaka kusema kwamba palikuwa na makusudi hana budi kuongeza neno jingine.

Sarufi ya confuse ndiyo pana kuliko zote. Shamirisho yake inaweza kuwa mtu, na inaweza pia kuwa jambo, kama katika "confuse the issue", yaani kuivuruga hoja hadi isieleweke tena. Kisha kuna muundo ambao vitenzi vingine vitano haviufanyi kabisa: "She confused the author with his brother", maana yake alidhani huyu ni yule. Mwandishi anayetaka kusema mtu amekifananisha kitu kimoja na kingine kimakosa, kati ya vitenzi hivi sita ana kimoja tu cha kutumia.

Kuna mitego miwili inayowanasa wasemaji wa Kiswahili. Wa kwanza ni kuchanganya confused na confusing. Umbo la kwanza humweleza anayetatizika, la pili humweleza anayetatiza, kwa hiyo anayesema "I am confusing" amejitangaza kuwa mtu asiyeeleweka, ilhali alitaka kusema hajaelewa. Mtego huu uko katika vitenzi vyote sita, ila kwa confuse ndiko unakoonekana zaidi kwa sababu ndicho kinachotumika sana. Mtego wa pili uko upande wa tafsiri. Neno "amechanganyikiwa" kwa Kiswahili linaweza kumaanisha kwamba mtu hakuelewa jambo, na linaweza pia kumaanisha kwamba akili yake imeharibika. Kwa hiyo "The customer was confused" ikitafsiriwa bila uangalifu humgeuza mteja kuwa mgonjwa. Mara nyingi "hakuelewa vizuri" au "alitatizika" hutosha. Kinyume chake, katika maandishi ya kitabibu neno confused hubeba maana nzito, yaani mgonjwa hajui yuko wapi au ni wakati gani, na hapo "hakuelewa vizuri" inakuwa nyepesi mno.

Kitenzi confound kimezaliwa na mzizi huohuo wa Kilatini, lakini leo kimekwenda njia yake. Hutumika zaidi kusema kwamba matarajio ya watu yamepinduliwa, kama mchezaji aliyewaumbua wakosoaji wake, na katika takwimu hutaja sababu iliyojificha inayoharibu ulinganisho wa vitu viwili. Hakifai kuwekwa badala ya confuse kwa sababu tu kinasikika kizito zaidi.

Confuse kinamfaa mwandishi wa maelekezo, ripoti, malalamiko na mitihani, pamoja na mtu yeyote anayetaka kueleweka bila kuvuta macho kwenye neno lenyewe. Udhaifu wake ni upana huohuo: kinasema mtu hakuelewa, lakini hakisemi alihisi nini.

## Puzzle

Chanzo cha puzzle ni pengo. Mtu ameelewa alichokiona, ila kipande kimoja hakipo, na anaamini kwamba kipande hicho kipo mahali fulani. "The letter puzzled her" inatupa barua safi, yenye maneno yanayoeleweka na labda ya kirafiki. Asichokijua ni kwa nini imeandikwa kwake, na kwa nini sasa. Akili yake inaendelea kufanya kazi. Hilo ndilo linalokitenga kitenzi hiki na vingine: aliye puzzled hajakata tamaa.

Sarufi yake inaliunga mkono jambo hilo. Katika puzzle mtu anaweza kuwa kiima, akawa ndiye mtendaji: "puzzle over" ni kuwaza juu ya jambo kwa muda, na "puzzle out" ni kulitafakari hadi jibu lipatikane. Huwezi kusema "baffle over" wala "bewilder out". Kitenzi hiki kilionekana katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16, na nomino inayotaja chemshabongo ilikuja baadaye, ingawa wengi hudhani ni kinyume. Hakidokezi nia mbaya.

Rejista yake ni ya katikati, na kina adabu inayostahili kujulikana. Mtu anayeandika "I am puzzled by this decision" hajasema uamuzi ni mbaya. Amesema tu kwamba hajaiona sababu yake, na amemwachia mwenzake nafasi ya kueleza. Katika barua za kikazi sentensi hiyo inaweza kuwa lawama yenye nguvu ingawa imevaa upole, kwa hiyo anayeipokea aisome kwa makini. Kinamfaa mhakiki, mwalimu, na yeyote anayeuliza swali lenye uzito bila kutaka kuanzisha ugomvi.

## Perplex

Perplex kinatokana na neno la Kilatini lililomaanisha kilichosokotana, na picha ya fundo la uzi ingali hai ndani yake. Kila uzi unaonekana, ila haijulikani uvutwe upi, kwa kuwa ukivutwa huu ule unakaza. Barua iliyomfanya mwanamke wetu kuwa perplexed ni ile inayomtaka achague: anaelewa masharti, anaelewa matokeo, na kila njia ina ubaya wake. Hapa wasiwasi umeongezwa juu ya kutoelewa. Nia haimo.

Kisarufi, mara nyingi kitenzi hiki hutokea katika kauli ya kutendwa au kama kivumishi, "perplexed" na "perplexing". Rejista yake ni ya maandishi, na katika mazungumzo ya kawaida husikika kana kwamba msemaji amevaa suti. Nomino yake, perplexity, ina kazi ya pekee katika taaluma ya modeli za lugha, yaani programu za kompyuta zinazokisia na kutunga maneno, ambako ni kipimo cha jinsi modeli inavyotatizika kukisia neno linalofuata: kadiri thamani inavyopungua, ndivyo modeli inavyokisia vizuri. Kinamfaa mwandishi wa insha, wa falsafa, au wa maelezo ya mtu aliye mbele ya uamuzi mgumu.

## Baffle

Katika karne ya 16 baffle kilitaja kumwaibisha mtu hadharani, hasa shujaa wa farasi aliyevunja kiapo chake. Maana ya aibu ilififia, ikabaki ile ya kushindwa, nayo ingali ndani ya kitenzi mpaka leo. Aliye baffled amejaribu. Ametumia ujuzi wake, na jambo likamzuia kama ukuta. Hata nomino ya kiufundi baffle, inayotaja bamba la kuzuia au kugeuza mtiririko wa sauti, gesi au kimiminika, inabeba wazo la kitu kinachokwenda kikakatishwa njia.

"The letter baffled her" kwa hiyo si barua ya kusomwa mara moja. Ameisoma, akairudia, akaitafutia maana kila upande, lakini hakuna aliloambulia. Kitenzi kinapendelea watu wenye ujuzi, kama madaktari, wapelelezi na wanasayansi, kwa kuwa kushindwa kwao ndiko kunakoupa ugumu wa jambo uzito wake. Sarufi ni nyepesi: shamirisho huwa mtu au kundi la watu, kauli ya kutendwa huchukua "by", na vielezi vinavyoandamana nacho kwa kawaida ni vizito, kama "completely" na "utterly". Rejista yake inaruhusu gazeti na mazungumzo kwa pamoja.

Hapo kwenye magazeti ndipo ninapotaka kuonya. Vichwa vya habari hupenda kusema kwamba wanasayansi wako baffled, hata pale ambapo wamegundua jambo jipya na kazi ya kulieleza imeanza tu. Anayejua kwamba kitenzi hiki kinatangaza kushindwa hatakitumia kwa mtu ambaye bado hajamaliza kuchunguza. Kinamfaa mwandishi mwenye ushahidi kwamba juhudi zilifanyika na hazikuzaa matunda.

## Bewilder

Hiki ndicho kitenzi chenye mengi ya kusemwa, na ndicho kinachopotea zaidi katika tafsiri. Kimeundwa kwa kiambishi be- na kitenzi cha kale wilder, kupoteza njia, chenye uhusiano na wilderness, yaani pori lisilokaliwa na watu. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ilikifafanua kwa kutaja kupotea mahali pasipo na njia. Maana hiyo ya miguu imehamia akilini, lakini haijaondoka. Chanzo cha bewilder si kosa, wala pengo, wala fundo, bali ni mazingira yote kwa pamoja kuwa mageni au kuwa mengi kupita kiasi, hata mtu asijue aanzie wapi kutazama.

Barua yetu sasa imebadilika kabisa. "The letter bewildered her" haituambii kwamba imeandikwa vibaya; huenda kila sentensi iko wazi. Inamwambia kwamba marehemu baba yake alikuwa na familia nyingine, kwamba ana ndugu watatu asiowajua, na kwamba jina analolitumia si lake. Hana swali moja la kuuliza, kwa kuwa ulimwengu aliouzoea umeondoka chini ya miguu yake. Tukiweka confuse mahali hapo, tumemshusha. Msomaji atadhani mwanamke ameshindwa kusoma. Tukiweka puzzle, tumemfanya mtulivu kuliko hali yake.

Nia hudokezwa kwa nadra, kwa sababu anayemfanya mtu awe bewildered kwa kawaida ni hali, na si adui. Kinachobaki kwa mtu ni hisia zaidi ya fikra: upweke, unyonge, wakati mwingine hofu, wakati mwingine mshangao usio na uchungu. Kwa sababu hiyo waandishi hukitumia kwa mtoto aliyepotezana na mzazi katika umati, kwa mkimbizi aliyefika nchi asiyoijua lugha yake, na kwa mfungwa aliyeachiliwa baada ya miaka mingi.

Kisarufi, kauli ya kutendwa na kivumishi ndivyo vinavyotawala: "bewildered by", na "bewildering" mbele ya nomino za wingi, hasa "a bewildering array" au "a bewildering variety", yaani vitu vingi vya aina nyingi hadi kuchagua kunashindikana. Mnunuzi aliyesimama mbele ya aina mia za simu yuko bewildered. Kila simu peke yake inaeleweka, ila wingi wake ndio unaomlemea. Mwandishi asijaribu kukitumia kwa maana ya kufananisha kitu na kingine, kwa kuwa kazi hiyo ni ya confuse peke yake. Rejista yake ni ya maandishi na mazungumzo yenye hisia, nayo haisikiki ya kitaalamu.

Mtafsiri ana kazi hapa. "Kupigwa na butwaa" na "kuduwaa" humjia haraka, lakini maneno hayo yanaelekea kwenye mshangao wa ghafla, ambao Kiingereza huuita amaze au stun. Mtu anaweza kuwa bewildered kwa wiki nzima, ilhali butwaa ni la kitambo kifupi. Ninapenda zaidi "kubabaika" pale mtu anapohangaika asijue la kufanya, na "kujiona amepotea" pale upweke unapotawala, hata kama sentensi itarefuka kidogo.

## Bamboozle

Katika hiki nia inakuja mbele. Yupo mtu anayemzungusha mwenzake kwa maneno, na anafanya hivyo ili apate kitu. Barua iliyokusudiwa kumfanya mwanamke wetu awe bamboozled ina herufi ndogo, misamiati ya kisheria isiyo na kazi, na ahadi isiyoshikika. Sarufi inaionyesha faida anayoitafuta mlaghai: "bamboozle someone into signing" ni kumzungusha mtu mpaka atie sahihi, na "bamboozle someone out of money" ni kumzungusha mpaka pesa zimtoke. Lugha ya mtaani ya Kiswahili inakikaribia kwa kusema mtu amezugwa au ameingizwa mjini.

Asili yake haijulikani. Kiliibuka mwanzoni mwa karne ya 18, na mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift alikitaja katika gazeti la The Tatler miongoni mwa maneno mapya yaliyomchukiza. Rejista yake imebaki ya kuchekesha kidogo, hivyo ukikiweka katika mashtaka ya wizi utauondoa uzito wa kosa. Deceive au defraud ndivyo vinavyofaa huko. Katika mazungumzo ya leo baadhi ya wasemaji hukitumia pia bila wazo la hila, wakisema maelekezo yamewafanya kuwa bamboozled, nao wanamaanisha tu kwamba yamewazidi akili. Kinamfaa mwandishi wa simulizi, wa maoni, na wa onyo lenye uchangamfu.

## Vingine vinavyokutwa njiani

Flummox kilionekana katika maandishi ya Charles Dickens mwaka 1837, na hutumika kwa mtu aliyeulizwa jambo akakosa jibu palepale. Discombobulate, yaani kumvuruga mtu, ni cha Kimarekani, kirefu kwa makusudi, na uwanja wa ndege wa Milwaukee umeweka kibao cha "Recombobulation Area", kinachogeuza maana yake, kwa ajili ya abiria wanaovaa tena viatu na kupanga mizigo baada ya ukaguzi. Nonplus ningeshauri kiepukwe na asiyekuwa na uhakika na wasomaji wake. Maana yake ya awali ni kumwacha mtu bila la kusema, lakini Wamarekani wengi sasa hutumia nonplussed kwa maana ya mtu asiyetikisika, na sentensi moja inaweza kusomwa kwa maana mbili zinazopingana.

## Uchague kipi, kulingana na hali

Ukiandika maelekezo, barua ya ofisini au jibu la mtihani, na tatizo ni maelezo yaliyoingiliana, tumia confuse bila kuona haya kwamba ni cha kawaida. Ukitaka kumuuliza mtu sababu ya alichofanya bila kumshambulia, puzzle kitakulinda. Pale mhusika anapoyajua yote na bado hawezi kuamua, perplex ndicho kilicho karibu zaidi, mradi matini yenyewe ni rasmi kiasi cha kukibeba.

Kwa habari ya uchunguzi uliogonga mwamba, chagua baffle, lakini kwanza hakikisha kwamba wahusika walijaribu na wakashindwa. Ikiwa wanaendelea kutafuta, puzzle ni cha haki zaidi kwao. Kwa hadithi, kumbukumbu au ripoti kuhusu watu waliotupwa katika maisha wasiyoyajua, bewilder kina nafasi ambayo vingine haviijazi, na mtafsiri ajipe ruhusa ya kutumia maneno mengi kukifikisha.

Ikiwa kuna aliyekusudia kudanganya, amua kwanza unataka msomaji atabasamu au akasirike. Bamboozle kinafaa kwa la kwanza. Kwa la pili ondoka katika orodha hii kabisa, useme alidanganya.

Na ikiwa vitenzi viwili vinaonekana kutoshea kwa usawa, andika baada ya kitenzi kile ambacho mtu alifanya baadaye. Aliisoma barua upya kwa kalamu mkononi, aliikunja na kumpigia mwanasheria, au alikaa nayo gizani bila kuwasha taa: tendo hilo litakionyesha kitenzi kinachokubaliana nalo, na mara nyingi ni kimoja tu.